Mama Wawili, Nyumba Mbili na Mshahara Usiotajwa

Mwaka 2003 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kilianza kurusha kipindi kiitwacho Wife Swap, yaani Kubadilishana Wake. Jina lilishtua, lakini ndani hamkuwa na la kuwafichia watoto. Mama wawili, kila mmoja na mume na watoto wake, wanabadilishana nyumba. Huyu anafunga sanduku, anaaga na kwenda kuishi na familia asiyoijua. Yule anaingia kwake. Mgeni hulala peke yake. Kinachobadilishwa ni majukumu: nani apike, nani afue, nani awaamshe watoto, nani anyamaze baba akipandisha sauti. Aliyekibuni ni Stephen Lambert wa kampuni ya RDF Media, na kufikia Septemba 2004 tayari kilikuwa na toleo la Marekani kupitia kituo cha ABC. Fox, kituo kingine cha huko, waliwatangulia ABC kwa miezi miwili na kipindi chao cha Trading Spouses, kilichofanana na kile cha Waingereza kiasi kwamba RDF waliwafungulia kesi mwishoni mwa mwaka huohuo.

Nimevitazama vipindi vya namna hii kwa muda mrefu, na naviheshimu kuliko wengi wanaoviandika. Viligusa jambo ambalo tamthilia na taarifa ya habari vilikuwa vikilipita kando, nalo ni jinsi watu wanavyoendesha nyumba zao mlango ukishafungwa. Lakini vina kasoro moja iliyomo kwenye mfupa wao, haitoki hata ukibadilisha familia au mtangazaji. Vinachukua tofauti zilizoletwa na mshahara, saa za kazi na ukubwa wa nyumba, vinaziita tabia, kisha vinamsimamisha mama kizimbani azijibu.

Nianze na walichopatia. Katika toleo la Marekani safari huchukua wiki mbili. Kabla ya kuondoka, kila mama huandika kijitabu cha maelekezo ya nyumba yake na kumwachia anayekuja: saa ya kuamka, nani anakula nini, nani anapelekwa wapi, nguo zinafuliwa siku gani, watoto wanalala saa ngapi, baba anataka akute nini akirudi kazini. Mgeni akifika hukuta nyumba tupu. Huzunguka vyumba, hufungua makabati, kisha huketi na kukisoma kijitabu kwa sauti mbele ya kamera. Wiki ya kwanza anaishi kama kinavyoagiza. Wiki ya pili anatangaza sheria zake mwenyewe, na familia inatakiwa kuzifuata.

Kwangu kijitabu hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote vilivyomo kwenye kipindi. Kazi ya kuendesha nyumba haina maandishi. Muuguzi ana faili la mgonjwa, dereva wa basi ana ratiba, mfanyakazi wa kiwandani ana zamu iliyobandikwa ukutani. Anayeendesha nyumba ana kichwa chake tu, na humo ndimo zinamokaa tarehe za chanjo, sare za shule, dawa za mkwe, bili inayokaribia siku ya mwisho, na habari kwamba mtoto wa pili amegombana na rafiki yake hivyo asiulizwe kuhusu sherehe ya Jumamosi. Siku akiugua ndipo wengine wanapogundua mambo yalikuwa mengi kiasi gani. Sasa mwanamke huyu amepewa kalamu na kuambiwa ayaandike yote, ili mtu mwingine aweze kuyafanya. Wengi wao hawakuwahi kuombwa hivyo maishani, na unaona anayesoma anavyofungua ukurasa baada ya ukurasa akidhani amefika mwisho.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi ya uangalizi isiyolipwa, yaani kupika, kusafisha, kulea na kuuguza. Ukiikuta takwimu hiyo kwenye ripoti unaielewa na kuendelea na safari yako. Lakini inapofika kwa sura ya siku nzima ya mtu mmoja, ikisomwa na mwanamke ambaye kwake mume ndiye aoshaye vyombo, unamwona akisita katikati ya sentensi. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Hapa kuna mtu aliyetumwa akalale ndani kweli, afue nguo zile, aamke saa ile, na akirudi kwake aseme alichokiona. Ndiyo maana vipindi vingi huishia na baba anayekiri kwamba hakujua mkewe anafanya kazi kiasi hicho. Sina sababu ya kuudharau ungamo huo. Ndoa nyingine huisha bila mtu kuutamka.

Wiki ya pili ndipo mambo yanapoharibika.

Mgeni anapewa mamlaka ya kubadilisha nyumba aliyoijua kwa siku saba, na hatakuwepo kuona matokeo yake. Hilo peke yake lingeweza kuvumilika. Tatizo ni kwamba mamlaka yenyewe yanafika mahali fulani tu. Sheria mpya hugusa kinachoonekana na kamera: luninga inazimwa, chakula kinabadilishwa, watoto wanapewa zamu za usafi, baba anakabidhiwa ufagio, mtoto wa kiume aliyezoea kucheza michezo ya kompyuta hadi usiku anapangiwa saa ya kulala. Hazigusi zamu ya usiku ya baba, kodi ya nyumba, mkopo wa gari, wala kazi mbili za mama. Mgeni anaweza kumnyima mtoto luninga. Hawezi kuirudisha ile saa moja na nusu ambayo mama wa nyumba ile huipoteza njiani kila jioni, na ambayo ndiyo sababu luninga iliwashwa ili iwakalishe watoto chini. Kwa hiyo anachokigusa kinaonekana kuwa ndicho chanzo, na chanzo chenyewe kinabaki nje ya fremu.

Tazama na jinsi familia zinavyochaguliwa. Hazikutani kwa bahati. Zinatafutwa ili zigongane. Toleo la Uingereza, hasa misimu ya mwanzo, lilielemea matabaka. Mwishoni mwa 2003 mama mmoja wa watoto wanane, aliyeishi na mumewe kwa posho za serikali, akawa gumzo la magazeti ya nchi nzima kwa namna alivyomfokea mama mwenzake. Wamarekani waliegemea zaidi imani na mitindo ya maisha: wala mboga na wawindaji, wacha Mungu na wasioamini, wanaowasomesha watoto nyumbani na wanaowapangia kila dakika ya mchana. Nyumba ikiingia kwenye mpango huo inaacha kuwa nyumba na kuwa mfano wa kitu. Mama mwenye usafi uliopitiliza anawekwa mkabala na mama asiyejali vumbi, na familia nyingi duniani, ambazo hufagia zikipata nafasi na kuacha zikichoka, hazina mahali pa kujiona.

Kisha kuna hesabu ya dakika. Kipindi cha saa moja kwenye luninga ya kibiashara ya Marekani, ukitoa matangazo, hubaki na dakika 42 hivi. Zigawe kwa nyumba mbili unapata 21. Zigawe kwa siku 14, unapata dakika moja na nusu kwa siku. Kwa dakika moja na nusu ya siku ya mtu unaweza kumwonyesha akicheka au akipiga kelele, na zote mbili zitakuwa kweli. Mhariri hahitaji kutunga uongo. Anatakiwa tu kuchagua, na anachagua akiwa na tofauti ileile iliyomfanya mtayarishaji azichukue familia hizo tangu mwanzo. Mama aliyeletwa awe mkali ataonekana mkali, kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kukaa wiki mbili kwenye nyumba ya watu bila kukunja uso mara kadhaa.

Waliotangulia walikuwa na nafasi kubwa zaidi na bado walilalamika. Mwaka 1971 wapigapicha walikaa miezi saba na familia ya Loud ya Santa Barbara, California. Wakaondoka na takriban saa 300 za picha, na mwaka 1973 kituo cha umma cha PBS kikazionyesha kwa sehemu 12 chini ya jina An American Family. Ndoa ilivunjika mbele ya kamera: mama alimwambia mumewe kwamba anataka talaka, na mamilioni walisikia. Margaret Mead, mwanaanthropolojia aliyejulikana sana nchini mwake, aliandika kwamba aina hii ya kipindi ni jambo jipya lenye uzito kama kuzaliwa kwa tamthilia au riwaya. Familia yenyewe ilisema imeonyeshwa visivyo, kwamba siku za kawaida na za furaha zilikatwa. Mwaka uliofuata BBC wakafanya kipindi kama hicho na familia moja ya Reading, Uingereza. Familia ya Loud ilipewa saa 12 hewani na bado ilihisi imepunguzwa. Mama wa Wife Swap anapewa dakika 21, tena karibu zote akiwa kwenye nyumba isiyo yake.

Kuna tofauti nyingine kati ya kazi ile ya 1973 na hizi za baadaye, na kwangu ndiyo kubwa. Ile ilifuata familia moja. Haikuwa na ya kuilinganisha nayo, hivyo mtazamaji alilazimika kujiuliza kwa nini watu hawa wanaishi hivi. Ukiweka familia mbili bega kwa bega, swali linageuka bila mtu kukusudia: nani kati yao anaishi vizuri? Mashindano yanaingia nyumbani, na panapokuwa na mashindano lazima apatikane wa kushindwa.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo ukimya ulipo mzito. Familia zilizoshiriki toleo la Marekani ziliripotiwa kulipwa dola 20,000. Kwa nyumba moja kati ya hizo mbili, kiasi hicho ni fedha ya safari ya likizo. Kwa ile nyingine kinaweza kuwa deni lililokuwa likiwanyima usingizi. Maana yake familia mbili zinazokaa meza moja mwisho wa kipindi, zikilaumiana juu ya malezi, hazikuingia kwa mlango mmoja: moja ilikuja kutafuta tukio la kukumbukwa, nyingine huenda ilikuja kwa sababu haikuweza kukataa. Mtazamaji haambiwi. Anaambiwa huyu ni mvivu wa kupanga bajeti na yule ana nidhamu.

Trading Spouses ilikaribia kuligusa jambo hilo. Kila familia ilipewa dola 50,000, ila kwa sharti kwamba mama mgeni ndiye aamue zitumikeje, naye aliandika uamuzi wake kwenye barua iliyofunguliwa mwishoni. Nilivutiwa sana na wazo hilo. Ghafla mgeni alilazimika kufikiri nyumba ile inakosa nini, na si kila mara jibu lilikuwa adabu. Lilikuwa paa, masomo, matibabu. Mwanamke aliyekaa wiki nzima akilaumu fujo ya jikoni alijikuta akiandika kwamba watu hawa wanahitaji nafasi zaidi. Lakini fedha ilikuja kama zawadi ya kufungia kipindi, watu wakalia, jina la mtayarishaji likapita kwenye kioo, na hakuna aliyerudi nyuma kuuliza ni kiasi gani cha ugomvi wa wiki ile kingetoweka kama hundi ingetangulia.

Kipindi kilichothubutu zaidi ni Rich House, Poor House cha Channel 5, kilichoanza 2017 huko Uingereza. Familia kutoka asilimia 10 ya juu kwa utajiri na nyingine kutoka asilimia 10 ya chini hubadilishana nyumba kwa siku saba, na hubadilishana pia kiasi cha fedha kinachobaki kwa matumizi ya wiki. Tarakimu inasomwa hewani. Mama anaingia dukani akiwa na kiasi cha mwenzake mkononi, anahesabu, anarudisha kitu kwenye rafu. Dakika hiyo moja imenifundisha juu ya malezi kuliko vikao vyote vya kulaumiana. Nina shaka nacho pia, kwa sababu umaskini wa siku saba una tarehe ya kuisha. Anayejua Jumapili atarudi kwake hajui hofu ya mwisho wa mwezi, na hakuna kamera inayoweza kumpa hofu hiyo. Mara nyingi kipindi huegemea wema wa tajiri anayetoa msaada, jambo linalogusa moyo na kulifunga swali mapema. Hata hivyo pameandikwa namba, na namba ikishaandikwa ni vigumu kuendelea kuita uhaba uzembe.

Kuhusu kizimba cha mama sihitaji kusema mengi, kwa kuwa kimo kwenye jina lenyewe la Wife Swap. Baba alihamishwa mara chache mno. Yeye ndiye kiti, meza na ukuta wa nyumba, na mke ndiye anayeondolewa ili tuone kitatokea nini. Chumba kikiwa kichafu, swali huenda kwa aliyekuwa akikisafisha. Haliendi kwa wanne waliokuwa wakikichafua. Hata Supernanny, kipindi kingine cha Channel 4 kilichoanza 2004 ambamo mlezi Jo Frost huingia kwenye nyumba zenye watoto wakorofi, ingawa humwita na baba kwenye somo, kwa wiki nyingi kilionyesha uso wa mama aliyechoka kama ndio picha ya tatizo.

Wanaonisumbua zaidi ni watoto, maana wazazi walau walitia sahihi. Mtoto wa miaka saba hakuombwa ruhusa, na hata angeombwa asingejua anaombwa nini. Msichana mmoja aliyeonyeshwa kwenye Wife Swap ya Marekani mwaka 2008 akiwa na miaka 15, kama binti aliyedekezwa kupita kiasi, baadaye aliishtaki televisheni hiyo akisema kipindi kilimletea dhihaka na mateso shuleni. Mtoto mwingine, mdogo zaidi, alilia na kugoma aliponyang'anywa vyakula alivyovipenda; kipande hicho kinazunguka mitandaoni hadi leo, na baadhi ya wanaokisambaza hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga wakati kinarekodiwa. Kila mtoto amewahi kugoma mezani. Mgomo wa huyu umehifadhiwa.

Sheria zimekuwa zikikimbia nyuma ya kamera. California ililinda kipato cha watoto waigizaji tangu 1939, kwa sheria iliyopewa jina la Jackie Coogan, aliyeigiza filamu akiwa mtoto, lakini mtoto wa kipindi cha uhalisia, yaani cha watu halisi wasioigiza, alihesabiwa kuwa haigizi, anaishi tu, kwa hiyo mara nyingi hakuhesabiwa kuwa mfanyakazi. Hoja hiyo ni ya hila. Kamera zikiwa sebuleni, mtoto anapoambiwa arudie kuingia mlangoni kwa sababu sauti haikunaswa, anafanya kazi. Pennsylvania ilibadilisha sheria yake mwaka 2012, baada ya mjadala mkali juu ya watoto wa Jon & Kate Plus 8, kipindi cha Marekani juu ya wazazi na watoto wao wanane, ili iwataje na watoto wa vipindi vya uhalisia. Uingereza, baada ya kituo cha ITV kufuta kipindi cha The Jeremy Kyle Show mwaka 2019 kufuatia kifo cha mtu aliyeshiriki, mdhibiti wa utangazaji Ofcom alitunga kanuni zilizoanza Aprili 2021 zinazovitaka vituo viwajali washiriki walio katika hatari ya kuumizwa na kuonekana kwao. Ni hatua nzuri, nazo zote zimekuja baada ya mtu kuumia.

Wakati huohuo mtindo umehamia kwenye simu. Leo familia hazihitaji kuchaguliwa na mtayarishaji. Zinajirekodi zenyewe, nyumba nadhifu ya rangi nyeupe upande huu, nyumba yenye watoto kumi na vurugu upande ule, na mtazamaji anafanya ulinganisho kwa kidole chake. Kijitabu cha maelekezo kimepotea, hakuna anayelala kwa mwenzake, na mshahara bado hautajwi. Kilichobaki ni hukumu. Hapa ndipo Ufaransa ilipotunga sheria mwaka 2020 inayolinda mapato ya watoto wa video za mitandaoni na kuwapa haki ya kutaka picha zao zifutwe, na jimbo la Illinois huko Marekani likafuata na sheria yake ya malipo iliyoanza kazi Julai 2024.

Haki ya kufuta ndiyo ningependa ianzie kwenye televisheni, ambako tatizo lilianzia. Watoto waliorekodiwa mwaka 2004 wakiwa na miaka saba sasa ni watu wazima wanaokaribia thelathini. Wana waajiri, wana wachumba, wana majina yanayotafutika. Sahihi iliyowaingiza kwenye mkataba ilikuwa ya mzazi, na mingine kati ya mikataba hiyo iliwekewa sahihi na mzazi aliyehitaji zile dola 20,000. Vituo na kampuni zinazomiliki kanda hizo wana orodha ya walioshiriki. Wanaweza kuwaandikia barua mmoja mmoja, kuwauliza kama wanataka vipindi vile viendelee kuonyeshwa, na kwa yeyote anayesema hapana, kuvitoa.